Kuchujwa kwa kabila: kutoka gare ya Kolwezi mpaka kiwanja cha ndege



Miezi michache iliyopita mama mmoja wa shirika letu alikosa ndeke. Hakuchelewa. Alikuwa na tikiti, alikuwa amelipa Go-Pass, na karte yake ya mpiga kura haikuwa na tatizo lolote. Alikuwa anapeleka Kinshasa mchango wetu kwa mtoto wa memba aliyelazwa hospitalini. Ofisa aliangalia jina, akamwangalia usoni, akauliza: "Weye uko muntu ya wapi?" Mama akajibu kwamba ni wa hapa Kolwezi, alizaliwa Musonoi. "Hapana, ile jina haiko ya hapa." Wakamtoa kwenye mstari, wakafungua valizi mbele ya watu, wakahesabu franka moja moja. Hawakukuta kitu kibaya. Walipomaliza, ndeke ilikuwa imeshaondoka.

Kiwanja hatutakitaja, maana ofisa mmoja si kiwanja chote. Lakini kwenye mkutano wetu uliofuata maneno yalikuwa mengi. Wengine walikasirika. Wengine, tusiwafiche, walisema: "Wanafanya kazi yao. Usalama ni usalama." Tena katika mkutano uleule likaja pendekezo kwamba sisi wenyewe tuongeze mstari wa "kabila" kwenye daftari letu la msaada, ili tujue wanaoshuka kwenye treni ni akina nani.

Ndiyo maana tumeona vizuri kuandika habari hii. Shirika letu limejaa watu waliochujwa. Wako waliokimbilia Angola baada ya vita vya 1978, wakarudi. Wako waliopakiwa kwenye treni kwenda Kasaï mwaka 1993, wakarudi. Wazee wa pande hizi mbili wanakaa benchi moja kila Jumapili ya mkutano. Kama kuna watu wanaoweza kusema kuchuja kwa kabila kunaleta nini, ni hawa.

Treni iliyowaleta

Tuanze na jinsi watu walivyofika hapa. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Katanga ilikuwa na shaba nyingi na watu wachache, kwa hiyo kompani ilitafuta wafanyakazi mbali. Mwanzoni waliletwa kwa mkataba mfupi, wakafa wengi, wakatoroka wengi. Kuanzia miaka ya 1920 kompani ikabadilisha mpango: mwanaume aje na mke wake, wapewe nyumba kambini, watoto wasome shule ya mapadri. Watu hao waliandikwa zaidi Kasaï na Lomami, wengine Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli ya BCK kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, mji unaoitwa Ilebo leo, na treni ikawa njia ya kawaida ya kuja huku. Mwaka 1937 mji wa Kolwezi ukaanzishwa.

Kwa hiyo Mkasaï wa Kolwezi hakuja kama mvamizi. Aliitwa na kompani, akahesabiwa na kompani, akapewa nambari. Na kompani hiyohiyo, pamoja na serikali ya kikoloni, ndiyo iliyoandika kabila la kila mtu kwenye karatasi yake na kusema kabila hili linafaa ofisini, lile linafaa shimoni. Kuchuja kwa kabila kulianza kama kazi ya biro, kabla hakujawa kazi ya askari.

Uhuru ulipokuja, karatasi hizo zikawa hatari. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi. Waluba, wa Kasaï na wa kaskazini ya Katanga, wakashukiwa wote kuwa adui wa ndani. Mwaka 1961 makumi ya maelfu walikimbilia kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa pale Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Januari 1963 kujitenga kukaisha. Ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili kibao kiligeuka.

1978: "Wewe ni Mlunda?"

Askari wa Tshombe, wale tunaowaita majandarma wa Katanga, walivuka kwenda Angola. Huko walikaa miaka mingi, wakaunda FNLC chini ya Nathanaël Mbumba. Machi 1977 waliingia Shaba mara ya kwanza. Mei 1978 wakarudi, safari hii wakipitia Zambia, na tarehe 13 Mei wakaushika mji wa Kolwezi. Tarehe 19 Mei paratrupa wa Legioni ya Ufaransa wakashuka kutoka angani, kesho yake wakaja Wabelgiji. Wazungu zaidi ya 100 walikufa, na Wakongo mamia.

Hatutasema hakukuwa na hatari. Ilikuwepo, na makaburi yapo. Tena ni kweli kwamba wapiganaji wengi wa FNLC walikuwa Walunda na watu wa huku Lualaba. Ofisa wa usalama wa ile wakati angekuambia hesabu yake ni rahisi: waasi ni Walunda, basi tafuteni Walunda.

Angalieni hesabu hiyo ilipotupeleka. Jeshi la Zaïre liliporudi mjini na vijijini, kila mwenye asili ya Kilunda akawa na kesi ya kujibu. Mkulima wa Mutshatsha, mwalimu wa Dilolo, mama wa sokoni Manika, wote walipimwa kwa lugha na kwa jina. Wapiganaji wenyewe walikuwa wameshaondoka kurudi walikotoka. Waliobaki kuulizwa ni wale ambao hawakufanya kitu na kwa hiyo hawakuona sababu ya kukimbia mapema. Baadaye wao pia wakakimbia, maelfu kwa maelfu, kuingia Angola. Yaani upekuzi uliokuwa unatafuta marafiki wa waasi uliwasukuma watu kwenda palepale waasi walipokuwa. Mobutu mwenyewe aliona shida hiyo, akatangaza msamaha mwaka huohuo wa 1978 ili watu warudi. Baadhi ya wazee wetu walirudi kwa msamaha ule, wengine walichelewa miaka.

Kuna mfano wa mtu mmoja anayejulikana nchi nzima. Nguz a Karl-i-Bond alikuwa waziri wa mambo ya nje. Alikuwa Mlunda, wa ukoo wa Tshombe. Baada ya vita vya 1977 alikamatwa, akashtakiwa kwamba alijua mapema juu ya uvamizi, akahukumiwa kufa. Hakuuawa. Mwaka 1978 alitolewa, 1979 akarudishwa kwenye wizara ileile, 1980 akawa waziri mkuu. Mtu hawezi kuwa msaliti wa kunyongwa na waziri mkuu ndani ya miaka mitatu. Kilichobadilika si yeye, ni haja ya wakubwa.

Lakini hadithi yake haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayouma zaidi.

1992 na 1993: "Mwende kwenu"

Mwisho wa 1991 Nguz alikuwa tena waziri mkuu, na chama chake cha UFERI kilikuwa na nguvu hapa. Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawa gavana wa Shaba. Agosti 1992 Konferensi ya Taifa kule Kinshasa ikamchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasaï, kuchukua nafasi ya Nguz. Huku kwetu vijana wa chama wakaanza kuwaita Wakasaï "bilulu", yaani wadudu. Likasi iliwaka Agosti na Septemba 1992. Kolwezi ikafuata Machi 1993.

Kwa hiyo chama cha mtu aliyekuwa amehukumiwa kufa juu ya asili yake kikawafukuza wengine juu ya asili yao. Hatuandiki hivi ili kumsema marehemu. Tunaandika kwa sababu linatuhusu sisi sote: aliyechujwa jana anaweza kuwa mchujaji leo, na hata haoni kwamba anafanya kitu kilekile.

Vijana walichuja namna gani? Kwa jina, kwa lafudhi, kwa kusikia Kiluba cha Kasaï nyumbani, kwa jirani kunyoosha kidole. Na hapo chujio likatoboka. Ilunga, Kabongo, Mutombo, Kasongo: majina haya yako kwa Waluba wa Kasaï na yako kwa Waluba wa Katanga. Baba alikuwa Mkasaï, mama Msanga. Mtoto ni nani? Watoto waliozaliwa hapa, wa kizazi cha tatu, hawakuwahi kuiona Mbuji-Mayi hata mara moja. Bamemba wetu wanakumbuka watu wa Katanga waliopigwa kwa sababu ya jina tu, na Wakasaï walioachwa kwa sababu wanasema Kiswahili cha hapa bila kosa. Wanakumbuka pia, na tuandike hivyo kwa haki, majirani Wasanga, Walunda na Wandembo waliowaficha watu chumbani na kuwapelekea chakula usiku.

Waliofukuzwa walilala ku gare na mu mashule, maelfu kwa maelfu, wakingoja treni wiki kwa wiki. Maji yalikuwa machache. Surua na kuhara vilichukua watoto. Wengine walifia kwenye mabehewa njiani kwenda Mwene-Ditu. Katika mkoa mzima waliopoteza makao walikuwa mamia ya maelfu.

Na usalama, ulipatikana? Kazi ikaisha kwanza. Gécamines ilikuwa imetoa shaba tani karibu 476,000 mwaka 1986. Kufika 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Si kufukuzwa peke yake kulikoangusha kompani: mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, askari walipora miji 1991, na pesa za kutengeneza mashine zilikuwa zimeliwa miaka mingi. Lakini kuwaondoa mafundi, makarani, wauguzi na walimu kwa pigo moja kulimaliza kilichobaki. Nyumba zilipata wenyeji wapya, mishahara haikuwapata.

Agosti 1998, vita vingine vilipoanza, chujio lilitolewa tena kabatini. Kinshasa na Lubumbashi watu walikamatwa kwa urefu wa pua na wembamba wa mwili, kwamba ni Watutsi. Wakongo wasio Watutsi walikamatwa pamoja nao. Pua haina karte.

Na kwenye ndege?

Kuna atakayesema: hayo ni mambo ya siasa, kiwanja cha ndege ni kitu kingine, bomu moja linaua wote, bora kuonea kidogo kuliko kulia sana. Neno hilo lina uzito, tulijibu kwa yale yaliyotokea kweli.

Tarehe 30 Mei 1972, kiwanja cha Lod, Israeli. Walinzi walikuwa wanawaangalia Wapalestina. Watu watatu walishuka kutoka ndege ya Air France, wakachukua mizigo yao, wakatoa bunduki, wakaua watu 26. Walikuwa Wajapani. Waliowatuma walijua vizuri macho ya walinzi yanaelekea wapi, wakapitia upande mwingine.

Tarehe 17 Aprili 1986, Heathrow, London. Msichana wa Ireland, mjamzito, alikuwa anapanda ndege ya El Al. Mchumba wake, Mjordani anayeitwa Nezar Hindawi, alikuwa amempa mfuko wenye kilipuzi chini, naye hakujua. Mfuko ulikuwa umepita kwenye mashine. Watasema, El Al wenyewe huangalia asili ya mtu. Ni kweli. Lakini siku hiyo asili isingewasaidia kitu. Kilichoiokoa ndege ni maswali. Unakwenda kwa nani? Utalala wapi? Nani amekupangia safari? Majibu hayakukaa vizuri, wakautoa vitu vyote mfukoni, wakaona mfuko mtupu bado ni mzito.

Tarehe 19 Septemba 1989, karibu na kwetu kabisa. Ndege ya UTA iliruka kutoka Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, ikapita N'Djamena kuelekea Paris. Ililipuka juu ya jangwa la Ténéré, Niger. Watu 170 walikufa wote. Mwaka 1999 mahakama ya Paris iliwahukumu Walibya 6 bila wao kuwepo. Lakini valizi yenye bomu, kwa mujibu wa uchunguzi wa Ufaransa, ilibebwa na Mkongo wa Brazzaville, naye akafa pamoja na wengine. Fikirini ofisa wa kiwanja kile akiwa ameambiwa: angalia Waarabu. Angempitisha mwenyeji wa mji na salamu.

Tarehe 25 Desemba 2009, kijana Mnaijeria alijaribu kulipua ndege ikikaribia Detroit. Wiki chache kabla, baba yake mzazi alikuwa amekwenda ubalozi wa Marekani kule Abuja kusema ana wasiwasi juu ya mtoto wake. Onyo lilikuwepo, halikufanyiwa kazi. Marekani ikajibu Januari 2010 kwa kuandika orodha ya nchi 14 ambazo watu wake watapekuliwa zaidi. Aprili mwaka huohuo wakaiacha, wakasema wataangalia habari juu ya mtu mwenyewe. Jiulizeni: baada ya nchi yako kuwekwa kwenye orodha, baba mwingine angekwenda tena kugonga mlango wa ubalozi?

Kenya nayo ina somo. Mwisho wa 1989 serikali iliwachuja raia wake Wasomali na kuwapa kadi ya pekee. Mwaka 2014 ikawakusanya tena kwa maelfu kwenye uwanja wa Kasarani, Nairobi. Januari 2019, hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa, mmoja wa washambuliaji waliotambuliwa alikuwa kijana Mkenya, mtoto wa askari wa jeshi la Kenya. Na Februari 2016, ndege ya Daallo ilipotobolewa na bomu baada ya kuruka Mogadishu, kompyuta yenye kilipuzi ilikuwa imepitishwa na watu waliofanya kazi kiwanjani. Hawa hakuna aliyewauliza kabila. Walikuwa na beji.

Tunalojifunza

Tukiweka pamoja gare ya Kolwezi na viwanja hivi vya ndege, tunaona mambo manne.

La kwanza, alama si hatari yenyewe. Jina linakuambia babu ya mtu alitoka wapi, halikuambii kilichomo kwenye valizi.

La pili, mwenye nia mbaya anasoma chujio lako kabla wewe hujamsoma yeye. Ukitafuta Mlunda, atamtuma asiye Mlunda.

La tatu, muda. Tuchukue mfano: ndeke ina abiria 100, na 40 kati yao wana "jina la mbali". Ofisa ana saa moja. Akiwatoa wote 40 kwenye mstari, kila mmoja anapata dakika moja na nusu, na wale 60 hawapati hata moja. Huo si ulinzi mkali, ni ulinzi uliotawanyika.

La nne, na kwetu ndilo kubwa: mtu aliyedharauliwa hatakuambia anachokijua. Ulinzi unaishi kwa jirani anayesema, "Kuna kitu sikielewi hapa." Jirani huyo ukimtoa kwenye mstari kila mara, atanyamaza.

Hatukatai kontrole. Valizi zote zipite mashine, za wakubwa na za wadogo. Wenye beji nao wapekuliwe. Na ofisa aulize maswali ya safari, amwulize kila mtu.

Daftari letu

Turudi kwenye pendekezo la mstari wa "kabila". Mwaka jana mwanaume mmoja alikuja kuomba msaada, akasema alifukuzwa hapa 1993 akiwa mtoto. Aliongea lugha ya kwao wanakamati wawili, vizuri sana, na walitaka kumwandikia palepale. Mama mmoja mzee akamwuliza taratibu: Mlikaa kambi gani? Shule yako ilikuwa wapi? Mulikuwa munateka maji wapi? Hakuna alilojibu. Kesho yake hakurudi. Kama tungekuwa na mstari wa kabila, angepita wa kwanza. Na wiki ileile tulimpokea mjane ambaye jina lake lilitutia mashaka, kumbe alitaja mpaka jina la mwalimu wake wa darasa la pili kule Luilu, na watatu kati yetu walisoma kwa mwalimu huyohuyo.

Kwa hiyo mkutano umeamua hivi. Daftari halitakuwa na mstari wa kabila. Litauliza uliishi wapi, ulisoma wapi, nani anakufahamu, unahitaji nini. Pendekezo lilipata kura za kutosha kutushtua, na hatuwatupi walioliunga mkono. Hofu yao ilitoka mahali.

Kwa bamemba: ukitolewa kwenye mstari, usipigane. Andika tarehe, saa, ulichoulizwa, ulichopoteza, na jina la anayekuhoji kama liko kwenye beji. Leta karatasi hiyo kwa katibu. Kisa kimoja ni malalamiko. Visa 20 vilivyoandikwa vizuri tunaweza kuvipeleka kwa wakubwa wa mkoa.

Kwa wafadhili: bamemba wengi waliorudi hawana cheti cha kuzaliwa, wala hukumu ya mahakama inayokaa badala yake. Mtu asiye na karatasi anapimwa kwa uso. Msaada wenu wa mwaka huu tunaomba uende zaidi huko, kabla ya mahema na mablanketi.

Yule mama alipanda ndeke nyingine baada ya siku nne. Tikiti ya pili tulichanga sisi. Mtoto anaendelea vizuri, na mama anasema tumwandikie kwamba kwao ni Musonoi.